Daftari limejaa tiki, chanja sina

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe, huku Ilemela, Mwanza. Kazi yangu ni dagaa. Mitumbwi ikirudi alfajiri nanunua wabichi kwa ndoo, naanika mchangani kwa kuwa sina chanja, zile meza za miti na wavu za kuanikia, jioni naanua, na magunia yakitosha nayapeleka soko la Mwaloni Kirumba. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi. Hatulali njaa, namshukuru Mungu.

Shida yangu inanitia aibu kidogo, kwa sababu watu wakinitazama wanaona mwanamke mchapakazi. Kwenye kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, alikuja mwalimu mmoja kutufundisha kupanga muda. Alituambia kila usiku kabla ya kulala tuandike yote ya kesho, na jambo likiisha tuliwekee tiki. Akamalizia na ule msemo, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimpenda sana yule mwalimu. Tangu hapo nina daftari, na likijaa nanunua lingine. Nakunakilia Jumanne iliyopita kama ilivyo:

Kuamka saa kumi. Kupokea dagaa. Kuanika. Kuandaa watoto wa shule. Kupeleka sare ya mdogo kwa fundi cherehani. Kumshikia wifi kibanda chake cha kutolea pesa mpaka saa sita, ana kliniki Bugando. Kununua chumvi na sabuni. Kugeuza dagaa. Kulipa hisa. Kikao cha kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Kumtafutia mama mkwe michembe ya viazi. Kurudisha turubai la watu. Kuanua. Kupika. Kukagua madaftari ya watoto. Kumpigia mama Ukerewe. Chanja.

Siku hiyo niliweka tiki kote isipokuwa hizo mbili za mwisho. Na ndivyo ilivyo karibu kila siku. Neno "chanja" nimeanza kuliandika wakati kitinda mimba wangu hajasimama dede, na sasa yuko darasa la kwanza. Nalihamisha tu kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Nataka chanja zangu mwenyewe, Shangazi. Dagaa wangu wa mchangani mara nyingi wanachukuliwa na watu wa chakula cha kuku, na bei wanapanga wao. Wa chanja wanatafutwa na wanunuzi wa dagaa wa kula, hata wanaotoka Congo. Tena mwaka jana mvua ya ghafla ilinikuta nina mzigo mchangani, wakaoza, nikabaki na deni la tajiri wa mtumbwi. Nikiona wingu sasa hivi silali. Baadaye natamani nipaki dagaa wangu kwenye mifuko mizuri wakauzwe madukani.

Usidhani nakosa nafasi kabisa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inakaa nchi kavu, nami napumua. Lakini siku hizo ndizo daftari linakuwa refu kuliko zote, maana viporo vyote nimevisogeza huko na watu nao wanajua niko huru. Jiko la nje nililojenga nilijipa wiki mbili, likala miezi mitano. Naogopa chanja nazo zitakuwa hivyo.

Niamke saa tisa? Nifupishe orodha? Au mimi ni mvivu wa jambo moja tu? Mume wangu anasema nitazikwa na daftari.

Mwenye Daftari, Igombe

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na lililo jepesi. Usiamke saa tisa. Unaamka saa kumi tayari, na saa utakayoipunguza usingizini itapata mwenyewe kabla ya Ijumaa, na mwenyewe hatakuwa wewe. Kuhusu uvivu nisipoteze wino. Mvivu gani anakumbuka turubai la watu?

Jumanne yako nimekaa nayo kuliko barua yenyewe. Nilichukua kalamu nikauliza kwa kila mstari: hili limeingia humu kwa mdomo wa nani? Kibanda, wifi. Kikao, jirani. Michembe, mama mkwe. Sare, mwalimu wa darasa bila shaka. Hisa, kikundi. Kupokea, kuanika, kugeuza na kuanua umeandikiwa na dagaa wenyewe, maana hata usipoandika utafanya; sijaona mwanamke wa Igombe aliyesahau kuanua. Kupika vivyo hivyo. Ukiondoa hayo, kilichotoka moyoni mwako ni simu ya mama na chanja. Navyo ndivyo vilivyokaa mkiani, bila tiki.

Sasa tazama hilo neno "chanja" lilivyokaa. Liko mstari mmoja kama chumvi ilivyo mstari mmoja, na lingefanyika lingepata tiki moja kama chumvi. Lakini chumvi ni kutoka mpaka dukani na kurudi. Chanja ni kupata eneo, kupata ruhusa, kununua miti, kumleta fundi, kutafuta wavu, kuanika mzigo wa kwanza na kumpata mnunuzi atakayekubali tofauti yake. Hiyo ni kazi ya miezi. Usiku umechoka, umeshika kalamu, unataka kuona tiki. Ni nani asingekimbilia chumvi? Mwalimu wenu wa VICOBA hakukosea kuwafundisha kuandika. Alichowaachia ni daftari ambalo kila kitu humo kina urefu uleule, na daftari la namna hiyo litamtumikia siku zote yule anayepiga kelele kwanza.

Na si wewe peke yako. Mwaka 2018 watafiti watatu, Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee, walichapisha utafiti wao juu ya tabia hii hasa. Watu walipewa kuchagua kati ya kazi mbili, moja ikilipa zaidi ya nyingine. Ile yenye malipo madogo ilipoonekana kama muda wake unakwisha, watu waliivamia, ingawa ile nyingine ilikuwa palepale na muda wa kuifanya ulikuwapo. Walionaswa zaidi ni wale wanaojiona kuwa watu wa shughuli nyingi. Nilipofika hapo nilikukumbuka. Ila waliona pia kwamba mtu akielekezwa macho kwenye malipo yenyewe pale anapochagua, ule mvuto wa haraka unapungua. Hilo ndilo tutakalolifanyia kazi.

Malipo yako ni yapi, basi? Utasema chanja. Mimi nasema chanja ni miti na wavu tu. Ungeweza kuwa nazo kumi na bado ukalia. Soma tena barua yako. Umeandika mambo mawili yenye uzito: dagaa wako wananunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku, na ukiona wingu hulali. Basi lengo lako liandike hivyo, kwa maneno yako, sentensi moja: dagaa wangu wauzwe kwa bei ya chakula cha watu, na mvua isiniweke tena kwenye deni la tajiri. Hapo una kitu cha kupimia. Kikao kikija, kibanda kikija, unajua unakipima na nini. Hata chanja zenyewe zitapimwa hapo, na nitakuambia jinsi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague barua yako kati ya zote za wiki hii. Mwanangu, unaishi ziwani lakini unapanga kama mtu wa ofisini, Jumatatu mpaka Jumapili, kila siku na ukurasa wake. Dagaa hawaijui Jumatatu. Wanavuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola na betri, na taa inavuta dagaa kukiwa giza. Mwezi ukikaribia kujaa, mwanga umeenea ziwani kote, taa inakosa nguvu, wavuvi wanavuta mitumbwi juu na kukaa kushona nyavu. Mwezi mmoja wa angani ni siku 29 na nusu hivi. Humo ndani una majuma ya giza ambayo hata malaika akikushukia atakukuta na ndoo mkononi, halafu una siku kadhaa za mbalamwezi ambazo mwalo umetulia. Hii ndiyo kalenda yako ya kweli. Mama zako waliijua bila karatasi.

Na wewe mwenyewe umeiona, kisha ukaipita kama hukuiona. Umesema siku za mwezi mkubwa ndizo daftari linakuwa refu kuliko zote. Yaani zile siku ambazo Mungu amekuachia wazi ndizo unazigawa bure, kama pilau ya harusi, kila aliyepita anapakuliwa. Viporo, kamati, wifi. Mwezi unaanza kupungua, mitumbwi inashuka majini, na chanja inahamia ukurasa mwingine.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu, na ni mdogo kuliko unavyotarajia.

Wakati wa giza usipange lolote la chanja. Lolote. Wala usiliandike lile neno, lisikutazame kila usiku likakusuta. Siku hizo pokea, anika, anua, lala. Kitu kimoja tu nakuomba: kila ukienda Mwaloni, uliza bei mbili, ya dagaa wa mchangani na ya dagaa wa chanja, siku hiyohiyo, mzigo wa ukubwa uleule. Ziandike. Hapo ndipo msemo wa mwalimu wenu unapofaa kweli, maana mali yako imekuwa ikipotea bila habari katikati ya bei hizo mbili, na mpaka sasa hujaniambia tofauti yake ni shilingi ngapi. Huenda hujawahi kuikokotoa. Ukiijua utajua chanja moja itarudisha gharama yake baada ya magunia mangapi, na hapo hutahitaji mtu wa kukuhimiza.

Siku za mbalamwezi, chukua asubuhi tatu. Sisemi siku nzima, wala wiki. Asubuhi tatu, toka watoto wakishaondoka mpaka saa sita. Zikate mapema, mwezi ukiwa bado mwembamba, kabla hajaja mtu na kikao. Na kila mbalamwezi iwe na jambo moja tu la kumaliza.

La kwanza ni eneo. Wengi wananunua miti kwanza kisha wanaanza kuhangaika pa kuisimamisha. Ufuo si wako, wala si wa tajiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo usikurupuke kuchimbia nguzo. Nenda kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wenu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, uliza wanaoanika kwenye chanja wamewekwa wapi na kwa utaratibu gani. Afisa uvuvi naye yupo kwa ajili hiyo. Ukipata jibu la eneo, mbalamwezi hiyo imekwisha kazi, hata kama umetumia asubuhi mbili tu. Asubuhi ya tatu nitakuambia uipeleke wapi.

Mbalamwezi ya pili ni ya miti, fito na wavu, na fundi wa kusimamisha chanja moja. Moja, mwanangu. Najua kichwani mwako ziko kumi zimejipanga mpaka kwenye mawe. Jenga moja ya kimo cha kiuno, upate kuufikia mzigo wote bila kupanda juu ya kitu. Mbalamwezi ya tatu ni ya hesabu: katika giza lililotangulia utakuwa umetenga ndoo chache, ukazianika juu huku nyingine ziko mchangani kama kawaida, ukaziuza mbali mbali. Sasa kaa chini na daftari ulinganishe. Kama wa juu hawakuleta bei ya chakula cha watu, tafuta sababu kabla hujaongeza mti mwingine. Pengine ulianika wengi mno wakakaa tabaka nene, pengine mnunuzi wako wa zamani ndiye anayewachanganya wote kwenye gunia moja. Hapo ndipo lengo linapoipima chanja, kama nilivyosema.

Umeniandikia kiangazi kikiwa kimekolea. Vuli kwetu kwa kawaida huanza Oktoba. Mbalamwezi zilizobaki hapo katikati ni chache lakini zinatosha chanja moja kusimama kabla ya mvua, na mvua ikija mzigo ulio juu unafunikwa haraka, maji yanapita chini. Na turubai nunua lako. Umeliazima, ukalirudisha, ukajipa tiki kwa kulirudisha. Ndiyo maana mvua ya mwaka jana ilikukuta mikono mitupu.

Jiko lako la miezi mitano usiliogope, litumie. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika kwamba tunapokadiria muda wa kazi tunatazama mpango ulivyo kichwani, hatutazami kazi kama hiyo ilichukua muda gani mara iliyopita. Wewe mara iliyopita unaijua. Kama wiki mbili zilikuwa miezi mitano, basi mbalamwezi tatu nilizokupangia zinaweza kuwa sita. Sawa. Sita ni nusu mwaka. Wewe umehamisha neno tangu mtoto hajasimama dede.

Mambo ya mifuko mizuri ya madukani yaweke kando kwa sasa, na usiyaandike popote. Siku yake ikifika, chuo cha uvuvi cha FETA kiko Nyegezi na kinafundisha usindikaji wa samaki, SIDO, shirika la viwanda vidogo, ndio mlango wa kuingilia kwa mjasiriamali mdogo anayetafuta nembo ya ubora ya TBS, na fedha za mikopo ya halmashauri kwa wanawake zinapita kwenye vikundi kama chenu. Lakini dagaa wenye mchanga ukiwatia kwenye mfuko wenye picha nzuri, umeuza mchanga kwa bei ya picha.

Sasa watu. Hapa ndipo mipango mingi inapofia, na walimu wa kupanga muda hawagusi, kana kwamba mtu anaishi peke yake kisiwani. Msiba utakwenda, hata ukiangukia asubuhi yako ya chanja, hatujadili. Mgonjwa utamwona. Lakini kamati ya harusi ya mtoto wa jirani? Toa mchango wako, tena utoe mapema na vizuri, halafu usikae kamati. Mwenye kadi iliyolipwa hasemwi. Wifi na kibanda chake ni gumu zaidi kwa kuwa kliniki ni kliniki. Ila kliniki ina tarehe, imeandikwa kwenye kadi. Mwombe akupe tarehe zake zote sasa, ili ujue zipi zinaangukia kwenye asubuhi zako, na hizo atafute mwingine mapema. Ukimwambia asubuhi ileile utaonekana una roho mbaya. Ukimwambia wiki tatu kabla utaonekana una mipango.

Nikufunulie na siri moja ya mtaani. Ukisema "nina kazi zangu", watu wetu wanasikia kwamba uko huru. Kazi yako mwenyewe haihesabiwi kuwa kazi, hasa ukiwa mwanamke. Lakini sema "nina fundi", hakuna atakayekubishia. Kila mtu anajua fundi haachwi peke yake na mbao. Na hutakuwa umedanganya, kwa sababu mbalamwezi ya pili fundi utakuwa naye kweli. Kwa mbalamwezi ya kwanza sema una miadi na mwenyekiti wa mtaa. Hiyo nayo ni kweli, na ina heshima yake.

Mumeo usimtegemee siku hizo, na usinune. Mitumbwi ikiwa nchi kavu ndipo injini zinapoletwa kwake, kwa hiyo mapumziko yako ndiyo msimu wake. Muombe kitu anachoweza, kwa mfano kukusindikiza kwa viongozi wa BMU jioni moja, maana bila shaka anawafahamu wote. Na umsomee ile sentensi ya lengo lako. Mtu anayetania daftari pengine hajawahi kuambiwa lilikuwa la nini.

Daftari lenyewe usilitupe. Kurasa za mbele ziendelee na chumvi, sare na hisa, ila acha kuandika kuanika na kupika. Unajipa tiki za bure zinazokufanya ulale ukidhani siku imeenda vizuri. Kisha ligeuze, uanze upya kutoka nyuma. Ukurasa wa kwanza wa nyuma una ile sentensi peke yake. Kurasa zinazofuata, moja kwa kila mwezi wa angani: jambo moja la mbalamwezi hiyo, na chini yake bei mbili za Mwaloni kila ulipokwenda. Usiku kabla hujafungua mbele, fungua nyuma. Ndiyo ile kutazama malipo kabla ya kuchagua. Kuna siku utafungua, utasoma, utafunga na kwenda kulala bila kufanya chochote cha huko, kwa sababu ni giza na umechoka. Ni sawa kabisa.

Nilikuahidi asubuhi ya tatu. Mama yako Ukerewe umemwandika kwenye orodha moja na sabuni, na anahamishwa ukurasa kama chanja, kwa sababu ileile: hapigi kelele. Hakutumii ujumbe wa kukukumbusha, hana kikao, hana tarehe ya mwisho ya kulipa. Nami sidhani kwamba simu ya dakika tatu saa nne usiku, huku unasinzia, ndiyo unayoitaka. Mbalamwezi hii panda meli ya Nansio, ulale kwake usiku mmoja. Kama asubuhi moja haitoshi kwenda na kurudi, jambo la eneo lisukume mpaka mbalamwezi inayofuata. Chanja imesubiri miaka, itasubiri mwezi. Mpelekee chochote isipokuwa dagaa, Ukerewe wanao. Na umuulize wao walikuwa wakianika juu ya nini kabla ya mvua, maana wazee wa visiwani wanajua mengi ambayo hatujawahi kuwauliza kwa kuwa tuko mbioni.

Ukishapata bei zako mbili za siku moja, niandikie zote, na ukubwa wa gunia. Nina barua mbili nyingine hapa za wanaoanika mchangani, moja ya Kayenze na nyingine ya Musoma, nao wanauliza kama chanja inalipa. Nimewaambia wasubiri Igombe.

Shangazi